Nyuzi za Sweta za Fundi Umeme

Fundi Umeme alikuwa haangalii kazi anayoifanya. Mikono yake ilizama ndani ya injini hadi viwikoni, na uso wake ulielekea barabarani, kwenye malori ya mbao yanayotoka Njombe, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Wateja wapya walikasirika, wakidhani anawadharau. Wateja wa zamani walimjivunia. Walileta rafiki zao gerejini kwetu Makambako wamwone mzee anayeunga nyaya bila kuzitazama, na walipoondoka walisema huyo ndiye fundi, wengine wanabahatisha.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wengine. Nilifanya kazi naye miaka minne, meza yangu ikitazamana na yake, na kwa miaka yote hiyo niliamini walichoamini wateja. Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyemwondoa kazini. Sikumfukuza. Sina mamlaka hayo, na hakuna mtu pale gerejini anayenilaumu. Lakini najua nilichofanya. Nilikifanya kwa mikono yangu, kwa siku nne, na muda wote huo nilidhani napendezesha.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Wengine walisema ni mtu wa Mawengi kwa sababu alikuwa akienda huko kwenye misiba. Hata jina lake silitaji, kwa kuwa pale gerejini hakuna aliyelitumia. Ukimwita Fundi Umeme aligeuka mara moja. Ukimwita kwa jina lake alichelewa kugeuka, kana kwamba anajaribu kukumbuka ni nani huyo.

Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, hata mwezi wa kumi na moja wakati sisi tumebaki na fulana. Mkewe alikuwa akifuma masweta ya wanafunzi, na mifuko ya Fundi Umeme ilijaa vipande vya nyuzi vilivyobaki: vyekundu vya shule hii, vya buluu vya shule ile, vya kijani, vya zambarau. Vipande hivyo vilikuwa zana yake kuliko plaizi. Gari likiingia na tatizo la umeme, hakukata waya wowote siku ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda, akachukua waya mmoja baada ya mwingine, akaufuata kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipouelewa aliufunga kipande cha uzi. Jioni injini ilionekana kama mtoto aliyevishwa shanga. Tulimcheka. Dereva mmoja wa lori alimuuliza kama sweta litakuwa tayari kabla ya baridi.

"Litakuwa tayari," alimjibu, uso ukiwa barabarani. "Lakini halitakutosha tumbo."

Alikuwa na ulimi huo. Mimi aliniita Injinia, na halikuwa jina la heshima. Sijasoma chuo chochote. Nilijifunza umeme wa magari kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa video za watu nisioelewa nusu ya wanachosema, na niliyajua mambo kwa majina makubwa kabla sijawahi kuyashika. Siku yangu ya kwanza nilimweleza namna mfumo wa kuchaji betri unavyotakiwa kufanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiniambie inavyotakiwa. Niambie ilivyo." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko salamu yake. Alimwambia mwenye gereji, alimwambia askari wa usalama barabarani aliyeleta gari lake, na nina hakika alimwambia mkewe.

Lazima niseme kuhusu mimi kidogo, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga fyuzi, naifungua nione kama nimeifunga. Nikizungushia waya tepu na mkunjo mmoja ukakaa upande, naitoa yote naanza upya. Nikifika nyumbani nawaza kama nilikaza bolti, na mara mbili nimerudi gerejini kwa miguu kwenda kuishika tu. Watu huita hiyo bidii. Siyo bidii. Ni hofu ya kwamba siku moja mtu atafungua kazi yangu, aone kwamba sikusoma popote, kisha awaambie wengine.

Kwa hiyo kilichonitesa zaidi kwa Fundi Umeme ni mtihani wake. Alikuwa akishika waya kwa vidole viwili, anauinua kuelekea kwangu, na kusema, "Taja."

"Kahawia, Mzee. Mstari mweupe."

"Una uhakika?"

Nilipojiuliza hivyo moyoni, uhakika wote uliondoka. Nilisogea, nikaangalia tena, nikafuta vumbi kwa kidole, nikajibu tena. Yeye aliitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi, hasemi kama nimepata au nimekosa. Miaka minne nilitahiniwa hivyo, na niliwaambia nyumbani kwamba mzee ananifundisha. Nilikuwa na daftari la majibu yangu.

Alikuwa na mambo yanayopingana. Alisema hanywi pombe, yeye ni mzee wa kanisa, lakini masika yakifika na ulanzi ukaanza kuvuja mianzini alikunywa kikombe chake kila jioni, akasema ulanzi ni maji ya mti. Alizidharau simu zetu, lakini nikifungua video ya ufundi alisogeza kigoda, akakaa amenipa mgongo, akasikiliza. "Rudisha hapo alipowasha," alisema. Nilirudisha. "Huyo anadanganya. Hiyo injini ina plagi mbovu." Ibadani Jumapili alikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha, na katikati ya mahubiri gari likipita nje aliniegemea na kuninong'oneza ugonjwa wake. Sikuwahi kumwona akifungua kitabu cha nyimbo. Nyimbo zote alizijua kwa kichwa, beti zote, na mimi niliyekuwa nikifuata mstari kwa kidole nilimwonea wivu.

Vipimo navyo. Nilipoanza, alitumia balbu ndogo yenye nyaya mbili: ukigusa penye umeme, inawaka. Kipimo changu cha namba hakukitaka hata kukishika. Mwaka wa tatu aliiacha balbu, akaweka mahali pake king'ora kidogo alichokitoa kwenye indiketa ya pikipiki, kinacholia kama kifaranga. Kutwa nzima gereji ililia. Tulimwambia anatufungulia banda la kuku. Alisema masikio hayachoki kama macho, na sisi tukacheka, na mimi pia nilicheka, mimi niliyekaa mita mbili kutoka kwake.

Kisha likaja lile gari la spoti.

Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mbuzi angeliangalia kwa juu. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa parachichi wa Njombe aliyelipenda kuliko kitu chochote, akalipandisha milima ya Ludewa bila oili ya kutosha, injini ikafia njiani. Injini ya namna ile haikupatikana. Akanunua nyingine, ya kampuni tofauti, kutoka kwenye gari la familia lililogongwa: silinda sita badala ya nne. Fundi wetu wa mitambo alikata hapa, akachomelea pale, na ndani ya wiki moja injini ilikaa. Akajifuta mikono, akasema kazi imekwisha, imebaki kuunga nyaya.

Fundi Umeme alicheka mpaka akakohoa. Mwenye gari alipouliza kuna nini, alimweleza, na ni maelezo ambayo sijapata kuyasikia kwenye video yoyote.

"Injini hii ni Mkinga," alisema. "Dashibodi yako ni Mbena. Umewaweka nyumba moja, na hakuna anayejua Kiswahili."

"Na hiki kisanduku?" Mwenye gari aliigusa kontroli boksi iliyokuja na injini, ile kompyuta inayoiendesha.

"Huyo ni mama mkwe. Anataka kujua kila kitu. Maji yana joto gani, hewa imeingia kiasi gani, ufunguo ni wa nani, gia imeingia ngapi. Asipojibiwa ananuna. Na akinuna, hakuna anayekula humo ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kontroli boksi ilitafuta ufunguo wa gari lake la zamani, tukalazimika kwenda kumwomba aliyeuza mabaki atupatie ufunguo huo na kitasa chake. Ilisubiri habari kutoka kwenye gia ambayo haipo. Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi ulihesabu kwa desturi ya silinda nne, ukapewa sita, ukawa unaruka kama umepigwa. Pampu ya mafuta haikujua imtii nani. Kati ya injini na gari kulikuwa na nyaya sabini na moja, na kila waya Fundi Umeme alikaa nao kwenye kigoda, uso barabarani, akaufuata, akaufunga uzi. Mwezi mzima. Mwenye gari alikuja kila Ijumaa, akasimama, akaondoka amekunja uso.

Kulikuwa na nyaya mbili nyeusi ambazo alizirudia kila siku. Uzi wake ulining'inia mrefu, haujakazwa. Nilimuuliza ni za nini.

"Hizo bado," alisema. Nilipomkazania kwamba nyaya nyeusi ni za hasi, kila mtu anajua, aligeuza kichwa kidogo kunielekea. "Bado, Injinia."

Alhamisi moja akapata habari ya msiba Mawengi. Aliniambia nisiguse kitu mpaka arudi Jumatatu. Kisha, kwa kuwa alijua mimi ni nani, akaongeza kwamba naweza kufagia.

Nilifagia. Halafu nikasimama mbele ya lile gari, boneti iko wazi, na zile nyuzi zote za sweta zikiwa zimejaa oili na vumbi, nyingine zimeanza kufumuka, na nikaona aibu. Niseme ukweli wake: nilimwonea aibu yeye. Niliwaza mwenye gari atakavyofungua boneti mbele ya matajiri wenzake wa Njombe na kukuta sufu. Niliwaza pia kwamba hapo ndipo nitakapoonyesha kwamba na mimi ni fundi.

Sikufanya ovyo, na hilo ndilo linaloniuma. Nilichukua daftari, nikaupa kila waya namba, nikaandika waya huu una uzi mwekundu, huu wa buluu, huu wa kijani, zote sabini na moja. Ndipo nikaanza kuzitoa nyuzi. Niliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, sikutupa hata moja. Nyaya nikazifuta, nikazipanga, nikazivika tepu mpya isiyo na mkunjo hata mmoja. Kila mmoja nikaubandika lebo nyembamba, mwandiko wangu mdogo wa wino mweusi chini ya plastiki. Nyeusi zote, zikiwemo zile mbili, nilizikusanya kwenye bolti moja safi kwenye bodi ya gari, kumi na moja kwa jumla, zikitawanyika kama miale. Nilipiga picha. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Jumapili jioni nilikaa nikaiangalia tu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kurudia kitu.

Jumatatu alikuja mapema. Kulikuwa na ukungu, malori yanapita na taa. Alivuta kigoda, akaelekeza uso barabarani, akaingiza mikono. Nilisimama nyuma yake nikisubiri.

Vidole vilitembea. Vilipita kwenye tepu, vikarudi, vikapita tena. Vilitafuta kwenye kila tawi, haraka, halafu polepole, halafu vikatulia.

"Nyuzi zangu?"

"Nimezitoa, Mzee. Nimeweka lebo. Zinasomeka zote."

Aliinua waya mmoja mpaka karibu na jicho, karibu sana, kama mtu anayenusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilisubiri aseme "Taja." Hakusema.

"Pako safi," alisema. "Umefanya vizuri."

Akaenda kunawa kwa sabuni ya unga, akavaa sweta lake la juu, akasema miguu inamuuma tangu safari. Hakurudi siku ya pili. Wiki iliyofuata alimtuma mtu aje kuchukua kigoda. Mwenye gereji alisema mzee amechoka, umri umekwenda, tukakubaliana kwamba umri umekwenda. Fundi wa mitambo alisema afadhali, banda la kuku limefungwa.

Mimi niliendelea na gari. Niliambiwa ni langu sasa.

Liliwaka. Sitaficha furaha yangu siku ile, silinda sita zikinguruma na mshale umetulia. Nilipeleka gari Njombe mwenyewe, na asubuhi ya baridi lilikwenda vizuri mpaka nilipoanza kupanda. Injini ikapata moto, feni ya rejeta ikawaka yenyewe kama inavyotakiwa, na papo hapo gari likatetemeka, likakohoa, likazima. Nikasubiri lipoe. Likawaka, likaenda, feni ikaanza, likazima. Mwenye gari alilirudisha mara tatu. Mara ya tatu hakunisalimia. Alisema tu kwamba yule mzee na masweta yake asingemfanyia hivi.

Nilibadilisha feni. Nilibadilisha sensa, vile vidude vinavyoipimia kontroli boksi joto na hewa, moja baada ya nyingine. Nilifungua tepu yangu nzuri na kuifunga tena mara ambazo sitazitaja. Mwishowe, nikiwa sina cha kufanya, nilifungua daftari nione yeye alikuwa amepanga nini.

Rangi hazikuwa na mpangilio. Nyaya mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye betri, kazi ileile, mmoja ulikuwa na uzi mwekundu na mwingine zambarau. Nyaya za sensa zilikuwa na rangi zote nne. Nilifikiri kwanza kwamba mzee alikuwa ovyo kuliko nilivyojua, na nakiri kwamba nilifarijika. Nikaleta lile kopo, nikamwaga nyuzi mezani ili nizihesabu.

Zilikuwa na mafundo. Nyingine fundo moja, nyingine mawili, matatu, manne, madogo na yaliyokazwa sana, yamepangwa kwenye mkia wa uzi kama mbegu. Nyingi zilikuwa na rangi tofauti na mafundo sawa. Mbili hazikuwa na fundo lolote. Nilizishika kwa vidole bila kuzitazama, na nikayaona yote kwa mara moja: uso uliogeukia barabarani, balbu, kifaranga, nyimbo za kichwani, ile lebo aliyoisogeza mpaka kwenye kope. Na "Taja." Miaka minne ya "Taja, una uhakika?" Hakuwa akinitahini. Alikuwa akiuliza.

Sikwenda. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda siku hiyohiyo. Mahongole anakoishi si mbali, nilijua nyumba yake, na nilipita njia ile karibu kila wiki. Kila mara nilijiambia nitakwenda gari likipona, nimpelekee kitu kilichokamilika. Miezi sita ikapita. Gari halikupona.

Nilikwenda mwezi wa saba, mchana, baridi imekaza. Nilikwenda na lile gari lenyewe, nikaliingiza uani taratibu na kuliacha linaunguruma, maana niliogopa kulizima mbele yake lisiwake tena. Mkewe alikuwa mlangoni anafuma. Yeye alikaa kwenye kigoda chake kile kile, ungo wa maharage mapajani, vidole vikichagua mawe na mbovu, uso umeelekea kwenye lango.

"Silinda sita," alisema kabla sijafunga mlango. "Umeiwasha."

"Kamwene, Mzee," nilimsalimu.

"Kamwene, Injinia. Karibu. Umekonda?"

Nilisema sijakonda. Mkewe alisema nimekonda. Alikwenda kuweka chai, na maharage yakawa yanadondoka moja moja kwenye bakuli. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Kabla sijayafikia, injini ilipata moto. Feni ikaanza. Gari likatetemeka, likakohoa mara mbili, likazima, na ua wote ukawa kimya.

Vidole vyake vilisimama kwenye maharage.

"Feni ikianza tu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nyeusi zangu mbili ziko wapi?"

"Nilizifunga pamoja na wenzao. Kwenye bolti moja."

"Nani alikwambia ni wenzao?"

Akanieleza, akirudi kuchagua maharage, kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu kwa mara ya mwisho. Zile mbili zilikuwa hasi za sensa, na zilitakiwa kurudi kwa mama mkwe peke yake bila kugusa bodi ya gari. Ukizifunga na nyingine, feni ikivuta umeme mwingi, fujo yake inapita humo, na mama mkwe anasikia kelele badala ya habari. "Nilizihisi hivyo, lakini sikuwa na hakika," alisema. "Ndiyo maana zilikuwa bado."

Hapo ndipo nikasema. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka. Nilimwambia kwamba niliandika kila kitu kabla ya kuzitoa nyuzi zake, waya kwa waya, lakini niliandika rangi. Mafundo sikuyaandika. Sikuyaona.

"Rangi?" Alianza kucheka, kile kicheko cha kukohoa, kikaisha mapema. "Rangi nilichukua yoyote iliyotoka mfukoni."

"Najua, Mzee. Sasa najua."

Mkewe alileta chai, akaweka kikombe mkononi mwake, siyo mezani, akarudi ndani.

"Siku ile niliporudi," alisema, "nilishika nikakuta kila waya unafanana na mwenzake. Laini. Kama watoto wa bweni wamelala na taa imezimwa. Nikasema nikimuuliza huyu anisomee, kesho atajua, na keshokutwa Makambako nzima." Alikunywa. "Ulikuwa umefanya vizuri. Pako safi. Mimi usafi huo siuwezi."

Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Aliweka tu ungo chini, akanyoosha mkono, nikampeleka mpaka kwenye gari. Nilifungua boneti. Alipitisha vidole juu ya lebo zangu zote kama mtu anayepita shambani kwa jirani, hagusi kitu, mpaka akaifikia ile bolti. Akaigusa pande zote. Kumi na moja.

"Zipi mbili?"

Nilitazama. Kulikuwa na lebo kumi na moja zenye mwandiko wangu, na kila moja ilisema jambo kwa uhakika. Ningeweza kuchagua. Mbili zilionekana nyembamba kidogo kuliko nyingine, na nilijikuta tayari nimezinyooshea kidole.

"Usiniambie inavyotakiwa," alisema.

"Sijui, Mzee."

Sina kumbukumbu ya kulisema neno hilo gerejini hata mara moja katika miaka minne. Hakuonyesha dalili yoyote ya kulisikia. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa bonge la uzi wa sufu, akanipa.

"Ng'oa lebo. Zifungue kwenye bolti, uzitenge. Halafu funga, zote kumi na moja. Bila fundo."

Nilifungua bolti. Nilivichana vile vikaratasi nilivyovipenda, kimoja baada ya kingine, nikavitia mfukoni. Nikakata uzi kwa meno, nikauzungusha kwenye waya wa kwanza, nikauacha unaning'inia. Yeye alisimama pembeni, mkono mmoja kwenye ukingo wa gari, uso kuelekea langoni ambako hapakuwa na mtu. Kisha akaushika ule mkia wa uzi kwa vidole viwili, akauinua kidogo upande wangu.

"Huu una rangi gani?"

Hakuuliza kama nina uhakika.

"Zambarau, Mzee."

"Zambarau," alisema. "Sijaiona siku nyingi."

Aliuachia. Nikafunga wa pili.